Sahani ya Asiyekuja

Kabla sijajua kuandika jina langu
nilikuwa nimeshajua kuwa viatu havivuki kizingiti,
kuwa mkubwa huitwa Bibi au Bwana
hadi mwenyewe akufungulie jina lake
kama dirisha la baridi, kidogo, kwa hiari.
Nani alinifundisha? Hakuna aliyeketi akanifundisha.
Niliangaliwa tu.
Nyusi za mama zikipanda, najua nimekosea;
zikishuka, najua nimekuwa mtu.

Hapa Łódź, mtaa wa Bałuty, ghorofa ya nne,
shangazi yangu Wiesława alikagua tiketi
miaka thelathini na mmoja, ndani ya tramu.
Hakuzaliwa mkali.
Aliogopa giza, alipenda jamu ya plamu,
alilia kwenye harusi za watu asiowajua.
Lakini alipopanda tu, mazungumzo yalikatika,
mikono ikapapasa mifuko,
hata ya waliolipa ikatoka jasho.
Katika nyuso hizo alijiona mkali,
akaamini. Nani asingeamini?
Kioo kimoja unaweza kukivunja.
Vioo mia mbili kila alfajiri,
vyote vikikwambia neno lile lile,
utavivunja vipi?
Akaanza kununua mkate kwa sauti ya kazini.
Mumewe, Zenobiusz, akazoea kueleza alikotoka
bila kuulizwa.

Alipostaafu alirudisha kofia, beji na koti.
Kesho yake akapanda tramu kama abiria.
Hakuna aliyegeuka.
"Nilijipapasa usoni," aliniambia,
"nihakikishe pua ipo."
Mtu ni watu,
na watu walikuwa wameshuka kituo cha nyuma.

Mkesha wa Krismasi, kwetu, huongezwa sahani moja:
kijiko, uma, bilauri, kiti kitupu.
Ya mgeni asiyetarajiwa.
Bibi aliiweka. Mama yake aliiweka hata mwaka wa njaa,
sahani zikiwa nyingi kuliko viazi.
Mimi nimeiosha tangu nina miaka saba;
safi, naiosha, naifuta, nairudisha kabatini.
Kuuliza kwa nini
kungekuwa utovu wa adabu.

Mwaka ule kengele ililia.
Kijana wa vifurushi, theluji mabegani,
na mzigo wa jirani wa chini asiyefungua mlango.
Alisimama akinusa supu yetu ya bitiruti,
nasi tukaganda.
Watu tisa, desturi ya miaka mia,
na hakuna aliyejua kinachofuata.
Tulifundishwa kuiweka sahani.
Kuijaza, hapana.
Mjomba alitazama samaki, akihesabu vipande.
Mama alimtazama mjomba.
Kila mmoja alingoja uso wa mwenzake umwambie
sisi ni watu wa namna gani.

Ndipo shangazi akainuka,
akanyoosha koti lisilokuwapo,
akafungua kinywa amkaribishe,
na kilichotoka, kwa sauti ile, ni:
"Tiketi, tafadhali."

Na kijana, naapa, akatia mkono mfukoni.

Tulicheka hadi mshumaa mmoja ukazimika.
Naye akavua viatu, bila kuambiwa.
Soksi ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba;
akakikunja kidole, akakificha
vile vile ambavyo ningekificha mimi.
Aliitwa Radzim. Alikula wima kwanza, kisha akakaa,
kisha akakumbuka vifurushi kumi na kimoja garini,
akaondoka na kipande cha keki ndani ya leso.
Shangazi alimsindikiza hadi ngazini.
Sikusikia walichosema. Aliporudi
alikuwa na uso nisioufahamu,
na hakuna kati yetu aliyejua auitikie vipi.

Usiku niliosha vyombo.
Sahani ile, kwa mara ya kwanza, ilikuwa chafu.
Niliishika, maji yakipoa,
nisijue niipange wapi:
pamoja na zetu,
au mahali pake.